Muuti Chini ya Leso

Wiki jana tingatinga lilipita nyuma ya reli pale Gatongora likalamba kichaka chote, na jioni nilipokuwa natoka shule hapakuwa na kitu ila udongo mwekundu na kibao cha kuuza ploti. Nikasimama. Rafiki yangu Kamau, ambaye hana subira hata ya kungoja chai ipoe, akaniuliza, "Sasa wewe Shiro, unalilia majani?" Nikamwambia silii, ni vumbi. Akaniangalia, akaangalia angani pasipo na hata upepo wa kupeperusha karatasi, akasema, "Sawa, ni vumbi," tukaendelea kutembea. Lakini tangu siku hiyo nimeshindwa kusoma kemia, na mtu akishindwa kusoma kemia ni afadhali aandike jambo la maana.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, na najua watu husema kumbukumbu za maisha ni za wazee waliokwisha kung'oka meno. Mimi meno ninayo yote, isipokuwa moja nililopoteza nikiruka ukuta wa shule, na hilo si la sura hii. Mambo ya nilizaliwa wapi na baba yangu ni nani yako kwenye cheti. Anayetaka aende akasome. Hapa naandika mwaka mmoja tu, mwaka wa kidato cha pili, nilipokuwa nakaa na Tata Wambui, shangazi yangu, Ruiru. Kwa nini nilikuwa nakaa kwake na si kwetu, hayo ni mambo ya watu wakubwa, nao wakubwa walikuwa wakiyazungumza kwa sauti ya chini kila nilipoingia, kwa hivyo hata mimi sikuambiwa vizuri.

Chumba cha Tata kilikuwa kimoja, kimekatwa katikati na pazia la maua ya pinki. Upande wa ndani kitanda, upande wa nje kochi ambalo usiku lilikuwa langu, meko ya gesi, ndoo za maji zilizofunikwa na sinia, na kalenda ya kanisa iliyobaki Machi mwaka mzima kwa sababu picha ya Machi ilikuwa nzuri. Harufu yake naikumbuka hadi leo: vitunguu, mafuta ya nywele na kitambaa kipya. Tata alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa kugeuza suruali ndani nje kutoka asubuhi hadi jioni akitafuta uzi uliokosea njia, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia kwenye damu. Hakuweza kuona kosa akanyamaza. Redio ikisema saa vibaya, anaijibu. Mhubiri akitaja kitabu cha Biblia kisichokuwapo, sauti ya Tata inasikika kutoka benchi la nyuma, kwa heshima lakini inasikika. Siku moja nilimwambia, "Tata, siku ya kiyama utamsahihisha malaika akiita majina." Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua hata kichwa. "Akikosea, ndiyo."

Mambo yalianzia kwa Madam Kanini, mwalimu wetu wa bayolojia. Alitaka kila mwanafunzi alete mmea mmoja wa jamii ya alizeti wenye ua la manjano, na uwe mmea wa asili ya hapa kwetu, si wa kupandwa wala mgeni. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya kitoto. Jumamosi nilikuwa nimeenda kwa Shosho, nyanya yangu, kule Kamenu, na fensi yake upande wa barabarani ni yale maua makubwa ya manjano yanayopita kimo cha mtu. Nikakata mzigo mzima. Jumatatu nikaingia nao darasani nimeukumbatia, natembea polepole kama bibi harusi, darasa likinipigia makofi. Madam Kanini akaangalia ule mzigo, akaniangalia mimi. "Shiro, haya yametoka Mexico. Wazungu waliyaleta, yakapenda hapa, yakakataa kurudi. Umeyaombea pasi?" Wiki nzima wakaniita Mexico. Kusema kweli jina nililipenda, lakini alama sikupewa.

Nilipomsimulia Tata, hakucheka. Alilichukua ua moja lililobaki akaligeuza chini juu kama mfuko wa suruali. "Mwalimu wako ana haki. Hili silo. Angalia jani, limegawanyika kama vidole. Kuna ingine tulikuwa tunaita muuti, kando ya kahawa. Mfupi, unakufika hapa kwa kifua. Majani yanatoka mbili mbili, yameangaliana, na ukishika yanakwaruza kama ulimi ya paka. Na kila jani iko na mishipa tatu zinaanzia pamoja pale chini. Tatu, Shiro." Akanionyesha vidole vitatu. "Jumapili tutaenda kutafuta."

Jumapili tukaenda, na Wafula akaja. Wafula alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa Bungoma aliyekuwa amepanga Mwihoko. Tulimjua kwa sababu ya mfereji wa ploti yetu. Ule mfereji ulipona siku ya kwanza, lakini Wafula aliendelea kupita kuuangalia kama mgonjwa aliyelazwa, na kila akija Tata alikuwa anakumbuka ana vyombo vya kuosha. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa na kicheko cha kuchelewa. Ungemwambia mzaha akiwa kwenye supu, acheke akiwa kwenye chai. Aliposikia tunatafuta ua akasema maua anayajua sana, yeye ni mtoto wa shamba. Tulipofika tu barabara ya mashamba ya kahawa akapotea kichakani, akarudi ameshika nini? Mexico.

"Ni hii," akasema, ameridhika kabisa. "Kwetu imejaa. Tukiugua tumbo tulikuwa tunachemshiwa. Chungu kama dhambi."

"Si hiyo," Tata akasema.

"Ni ya manjano."

"Si kila ya manjano."

"Lakini Wambui, ua si ua?"

Tata akasimama katikati ya barabara. "Wafula, ukiitwa kwa mtu nyumba imejaa maji, unasema bomba si bomba?"

Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokwenda. Madam Kanini alinipa muda, kisha akanipa muda mwingine, na mimi sikuwa na haraka, kwa sababu Jumapili zile zilikuwa tamu kuliko shule yote. Tukitoka kanisani tunabadilisha viatu, tunatembea. Wafula aliokota kila kitu cha manjano kilichoota kati ya Ruiru na Juja. Alileta yale ya kunde za porini, Tata akasema hapana, hiyo haina hata uso wa alizeti. Alileta kishada cha kitu kilichotoa maziwa kilipokatwa, hapana. Siku moja alileta ua la plastiki alilookota kando ya makaburi, nami nikamwapia kwamba ndilo. Alimpelekea Tata kwa mikono miwili. Tata alikaa chini kwenye nyasi akacheka mpaka kilemba kikaanguka, na Wafula akamtazama kwa namna ambayo mimi, mtoto wa watu, nililazimika kuangalia ng'ombe.

Muuti wenyewe tuliupata nyuma ya reli, hatua chache kutoka nyumbani, baada ya kuzunguka dunia nzima. Kichaka kizima, kimejificha kwa unyenyekevu, maua madogo ya manjano ya kukolea, kila moja likiwa na jicho katikati. Tata alipiga magoti na Jumapili yake yote. Alikata kijiti kimoja, akatuonyesha majani yaliyoangaliana, akatuonyesha mishipa mitatu, kisha akasimama na kumsugua Wafula jani shavuni.

"Uuui! Hii ni msasa!"

"Sasa utasahau?"

Wafula akalishika shavu lake. "Ua nitasahau," akasema. "Shavu siwezi."

Nilipata alama zangu. Ningesema hapo ndipo hadithi inaisha, lakini kumbe bado.

Jioni za Jumapili tulikula githeri, mahindi na maharagwe, na Wafula alikuwa anaila kwa adabu, punje moja moja. "Hii chakula yenu," aliniambia siku moja Tata akiwa nje, "mtu anakula ama anahesabu?" Wiki iliyofuata akaja na kuku na unga, akasonga ugali mgumu ambao ungejenga choo, tukala watatu kwenye sinia moja. Baada ya miezi kadhaa ya sinia hilo, nikaanza kusikia neno ruracio, yaani kupeleka mahari, nyuma ya pazia. Wakubwa hufikiri pazia ni ukuta. Nilijifanya nimelala, nikasikia Wafula akiuliza aje na wazee wangapi, Tata akijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti isiyosahihisha kitu.

Kisha akaja Anko Karis, kaka yake Tata. Alikunywa chai yetu vikombe viwili kabla ya kusema lililomleta. Mimi nilikuwa upande wa kitanda, natakiwa kuwa nasoma.

"Wambui, mimi sina neno na mtu wa Bungoma. Nina neno na mtu hakujui. Huyu anakujua wewe, ama anajua tu njia ya kuja hapa?"

"Ananijua."

"Hata yule wa kwanza ulisema anakujua. Tukampikia."

Nilisikia kijiko cha Tata kikizunguka kwenye kikombe muda mrefu, na sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Habari ya yule wa kwanza nilikuja kuipata Jumamosi moja tukipika chapati. Kwetu siku ya ruracio bibi harusi hufunikwa leso kichwa hadi miguu, akasimamishwa mstari mmoja na wasichana wengine waliofunikwa vivyo hivyo, kimya, na bwana harusi anaambiwa achague. Hagusi leso. Akimpata, wanawake wanapiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Akikosa anatozwa faini, watu wanacheka, anajaribu tena. Ni mchezo. "Ni mchezo," Tata alisema, akisukuma chapati iliyokwisha kusukumwa. "Yule alisimama mbele yangu, akaniangalia juu mpaka chini, akapita. Akachagua binamu yangu. Watu wakacheka, na yeye akacheka kushinda wote. Mimi niko ndani ya leso nasikia. Unajua ndani ya leso kuko aje? Ni joto, na unasikia kila kitu." Akageuza chapati kwa vidole. "Alilipa faini, akala, akaenda. Hakurudi. Lakini si hiyo. Ni kule kupita. Shiro, Wafula akinipita, mimi naingia kwa nyumba ya mama na nafunga mlango. Siwezi kusimama hapo mara ya pili watu wakicheka. Wacha nikae tu na suruali zangu."

Mimi ni mtu wa mzaha, kila mtu anajua. Siku hiyo nilitafuta mzaha nikakosa. Nikala chapati mbili bila kusema neno, kitu ambacho kilimtia Tata wasiwasi akanipima joto.

Kisha nikapata mpango. Tata atachomeka kijiti cha muuti kwenye leso, mbele, kama pambo tu. Wafula atakuja, ataliona ua, ataliangalia jani, amemaliza. Nikaanza kumfundisha Wafula nyuma ya tangi la maji. Namfungia macho na tai yangu ya shule, nampa majani. "Hii?" "Mexico." "Hii?" "Sukuma wiki, Shiro, mimi si mjinga." "Hii?" Anasugua kwenye shavu. "Muuti." Kufikia Desemba alikuwa hakosi hata moja. Tata nilipomweleza alisema huo ni wizi, hataki kusikia. Asubuhi ya ruracio nilimwona na macho yangu akikata kijiti nyuma ya reli na kukifunga kwenye karatasi yenye maji.

Kwa Shosho, Kamenu, hema lilikuwa limepigwa hadi mlangoni pa jirani. Mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa unapondwa na wanawake wanne kwa zamu, mbuzi anachomwa nyuma, na watu wa Wafula walikuwa wamekuja wengi kutoka Mwihoko na wengine kutoka Bungoma, wanaimba langoni na kujibiwa na mama zetu. Sisi wasichana tulikuwa chumbani kwa Shosho tukifunikwa. Walituvalisha hata soksi, zote nyeupe, ili mtu asijulikane kwa vidole. Mimi nilikuwa mmoja wa wafunikwaji. Cucu Nduta, dada mkubwa wa Shosho, ndiye alikuwa askari wa shughuli hiyo, na macho yake, Mungu amtunze, hayajawahi kukubali uzee. Alipomfikia Tata akasimama.

"Na hii maua?"

"Ni pambo tu, Cucu," mimi nikajibu ndani ya leso yangu.

"Pambo, eeh. Bibi harusi peke yake amechipuka. Mnafikiri mimi nilizaliwa jana?" Akalivuta. Akawatuma watoto kwenye fensi. Wakarudi na maua ya manjano tele, akayatupa yote kwenye beseni pamoja na letu, akayakoroga kama mboga, akamgawia kila msichana lake mkononi. "Sasa wote mmepambwa. Songeni!"

Tulitoka tukishikana kama vipofu. Tukapangwa. Kupitia leso nyekundu dunia yote ilikuwa nyekundu, na kweli kulikuwa joto, na kweli unasikia kila kitu. Nikasikia Anko Karis akimwambia mtu, "Sasa tutaona." Ndipo nikagusa jani nililopewa. Likanikwaruza.

Nikaligusa tena. Mbili mbili, yameangaliana. Nikapitisha ukucha: mshipa, mshipa, mshipa. Muuti ulikuwa mkononi mwangu, na yule mwanamume niliyekuwa nimemfundisha mpaka hakosi alikuwa anakuja kwenye mstari akiutafuta. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nilimsikia akisimama kwa wa kwanza, akasonga. Kwa wa pili, akasonga. Tata alikuwa upande wa kulia kwangu, sikujua wa ngapi. Kisha nikaona viatu vyeusi vya kanisa mbele ya soksi zangu. Akaliinamia ua. Akalishika jani kwa vidole viwili. "Mm," akasema, taratibu, kama mtu amefika nyumbani.

Kuongea ni marufuku. Kutikisa kichwa ni marufuku. Nikamkanyaga. Nilimkanyaga kwa nguvu zote za timu ya netiboli, nikazungusha na kisigino.

Alivuta pumzi lakini hakulia. Alisimama hapo, na nadhani akilini mwake mambo yalikuwa yanafika kwa kuchelewa kama kicheko chake. Kisha viatu vikarudi nyuma. Watu wakaanza kucheka. Mtu akapiga mluzi. Anko Karis akasema kwa sauti, "Chagua bwana, chakula inapoa!" Nikasikia, upande wa kulia, mtu akipumua haraka haraka kama anayejiandaa kukimbia.

"Wazee wangu," Wafula akasema. Hakuwa na haraka. "Mama zangu. Kabla sijachagua, wacha nisifu hii maua mumeweka." Nikasikia akimchukulia jirani yangu ua lake. "Hili kubwa hapa. Mimi ni mgeni, lakini nimefundishwa na mtu ninamheshimu sana. Nimefundishwa kwamba hili ndilo muuti. Ua la asili ya hapa, lilikuwa hapa hata kabla ya kahawa."

Nikafumba macho ndani ya leso.

"Na majani yake," akaendelea, "ni laini kama pamba."

Leso moja upande wa kulia ikavuta pumzi.

"Na huko Mexico, wazee, mtu akiwaambia analijua, huyo ni mwongo. Halijawahi kufika."

"Hapana!" Sauti ilitoka ndani ya kitambaa kama mvuke kwenye sufuria. "Wafula, hapana! Hiyo ndiyo ya Mexico! Hiyo ndiyo yenyewe!"

Hema likalipuka. Nilijifunua, sheria au si sheria, kwa sababu kuna mambo mtu hawezi kuyakosa. Anko Karis alikuwa amesimama juu ya kiti. "Ameongea! Ameongea! Haihesabiki!" Cucu Nduta akamgeukia na mwiko wa mukimo mkononi. "Karis, shuka. Wewe wako ulimjua kwa sababu alikohoa, na tulikula hiyo mbuzi." Watu wa Bungoma walikuwa wanapiga meza, mama zetu wameanza ngemi, na Anko Karis akashuka polepole, uso umeshindwa kukaza.

Wafula alikuwa anachechemea kuelekea mwisho wa mstari. Aliinua leso kwa ile mikono yake mikubwa, kwa uangalifu, kama anayefungua kitu kinachoweza kuvuja. Tata alikuwa analia, pua na yote, na hakuwa amemaliza. Alimnyang'anya lile ua, akaligeuza, akamwekea jani mbele ya macho.

"Angalia, Wafula. Hii imegawanyika kama vidole. Yetu haigawanyiki. Yetu iko na mishipa tatu, inaanzia pamoja hapa chini. Tatu. Nimekuambia mara ngapi?"

"Niambie tena," Wafula akasema.